Nani Hubeba Mwaka wa Upepo Mbaya?

Tarehe 24 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga Malindi zikiwa na rubani aliyeijua njia, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Siku 26 baadaye zilikuwa mbele ya Calicut. Kurudi kulikuwa msiba. Da Gama aliondoka Anjediva, pwani ya magharibi ya India, tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijashika, akasumbuliwa na shwari na pepo za mbisho kwa karibu miezi mitatu. Alipofika Malindi Januari 1499, mabaharia wapatao 30 walikuwa wamekufa, wengi kwa kiseyeye, na punde merikebu ya São Rafael ikachomwa moto kwa kukosa watu wa kuiendesha. Funzo linalotolewa kila mara ni kwamba mgeni hakuujua msimu. Ni kweli, lakini linaficha jambo zito zaidi: hata aliyeujua msimu hakuwa na ahadi. Uchumi wa pwani yetu haukusimama juu ya upepo wa kuaminika. Ulisimama juu ya mapatano ya nani atabeba hasara upepo ukikosekana, na swali hilo ndilo linalozikabili leo nchi zinazofua umeme kwa upepo.

Msomaji atapinga kwamba pepo za misimu zinasifika kwa uthabiti: kaskazi kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili. Uthabiti huo ni wa mwelekeo. Tarehe ya kuanza husogea kwa wiki kadhaa, na nguvu hutofautiana mwaka hadi mwaka. Isitoshe, Juni na Julai kusi huwa kali kiasi cha kuifunga bahari, hivyo aliyekosa nafasi ya Aprili na Mei alingoja demani, kusi inapopungua. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo kaskazi inavyodhoofika, na ndiyo maana Kilwa, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo jahazi la Uarabuni lingeweza kuimaliza na kurudi ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, kusini zaidi, ilipita mikononi mwa Kilwa kwa sababu nyingi, ila hii ni mojawapo: aliyechelewa wiki chache kaskazini hakuthubutu kwenda mbele zaidi.

Ushahidi bora wa jinsi watu walivyojipanga umo katika malipo ya mabaharia. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako jahazi lilikwenda kupakia boriti, alikuta kwamba mabaharia hawalipwi kwa mwezi. Walipata mafungu ya mapato safari ikiisha. Upepo ukichelewa, mwenye chombo, nahodha na baharia wote walichelewa kulipwa. Tusiupambe utaratibu huu: mabaharia wengi waliishi na madeni, na mwaka mbaya uliwaumiza wao kwanza. Lakini hapakuwa na aliyejifanya kwamba mwaka mbaya hautakuja. Atakayesema meli za moshi ziliizika hoja hii akumbuke kwamba Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na miaka 70 baadaye Villiers bado aliyakuta majahazi makubwa yakija na kaskazi.

Leo upepo unapimwa, na vipimo vinatutia adabu. Nguvu iliyomo katika upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikishuka kutoka mita 10 kwa sekunde hadi 9, nguvu hupungua kwa asilimia 27. Kwa wastani mtambo haupotezi yote hayo, kwa kuwa ukishafika uwezo wake wa juu haufaidiki na ziada, lakini pengo huonekana katika hesabu za mwaka. Kati ya 1979 na 2008 vituo vingi vya nchi kavu katika kizio cha kaskazini viliandika kasi ikishuka kwa asilimia 5 hadi 15. Wengine walilaumu miti na majengo, wengine mizunguko ya bahari na anga. Kisha, tangu karibu 2010, kasi ikapanda tena. Miongo mitatu ni zaidi ya umri wa kawaida wa mtambo. Mtambo ungeweza kuzaliwa na kufa ndani ya mteremko mmoja.

Kule Marsabit, mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana yana mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wake, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, huvuma mwaka mzima, na wengi huona hilo linatosha. Halitoshi. Uthabiti wa miezi 12 si uthabiti wa miaka 40, na makala ya Kinuthia na Asnani iliyoutambulisha mkondo huo wa upepo kwa wanasayansi ni ya mwaka 1982 tu. Umeme unauzwa kwa mkataba wa miaka 20, na ujenzi uligharimiwa kwa mikopo. Deni la benki halina mafungu: tarehe yake haisogei na upepo.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba jahazi lingeweza kungoja, hospitali haiwezi. Nalikubali. Ndiyo sababu Kenya inayahitaji mabwawa ya Mto Tana, ambako maji ya bwawa la Masinga yanaweza kuwekwa siku za upepo na kuachiliwa siku za shwari, ingawa ukame wa 1999 na 2000 ulioleta mgao wa umeme ulionyesha kwamba maji nayo yana miaka yake mibaya. Kuweka akiba hiyo tayari kunagharimu fedha, na anayelipa mwishowe ni mteja, bila kuelezwa analipia nini. Gharama hiyo iandikwe wazi pamoja na bei ya upepo, kabla mkataba haujatiwa saini.