Nambari tasa ya tarakimu milioni 41 na siri ya kufuli za benki

MKAZI wa Timbwani, eneo la Likoni, Mombasa, akiamua kuitamka nambari tasa iliyotangazwa Oktoba 21, 2024, tarakimu moja kila sekunde bila kulala, ataimaliza baada ya siku 475 hivi.

Nambari hiyo ina tarakimu 41,024,320. Hupatikana kwa kuzidisha pamoja 2 zipatazo 136,279,841, kisha kuondoa 1. Iligunduliwa na Mmarekani Luke Durant kupitia mradi wa GIMPS, ulioanzishwa 1996 kuunganisha kompyuta za watu wa kujitolea, na ikaipiku ile ya 2018 yenye tarakimu 24,862,048.

Nambari tasa ni nambari nzima inayozidi 1, isiyogawika kikamilifu ila kwa 1 na kwa nafsi yake: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Euclid alithibitisha yapata miaka 2,300 iliyopita kwamba hazina mwisho.

Nambari ya Durant ni ya aina iliyopewa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17, Marin Mersenne. Ukizidisha 2 tatu na kuondoa 1, unapata 7. Ukizidisha 2 tano, unapata 31. Zote ni tasa. Lakini 2 kumi na moja huleta 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kila moja sharti ipimwe.

Tarakimu yake ya mwisho yaweza kujulikana bila kompyuta. Mazao ya 2 huishia kwa 2, 4, 8, 6, kisha mzunguko huanza upya. 136,279,841 ikigawanywa kwa 4 husalia 1, hivyo zao huishia kwa 2. Ukiondoa 1, yabaki 1.

Wapo wanaodhani kuwa nambari kubwa namna hii ndizo zinazolinda fedha benkini. Sivyo. Mfumo wa RSA, uliobuniwa Marekani 1977, huzidisha nambari tasa mbili za siri, kwa kawaida zenye tarakimu 300 hivi kila moja. Zao hutangazwa, zenyewe hufichwa.

Mwanafunzi atazidisha 23 kwa 89 upesi. Mpe 2,047 atafute zilizoizaa, atataabika. Zao la aina hiyo lililotangazwa kuvunjwa mnamo 2020 lilikuwa na tarakimu 250 tu, tena kwa kutumia kompyuta nyingi mno.

Nambari ya Durant, kwa kuwa yajulikana na wote, haiwezi kuwa ufunguo wa siri. Nguvu ya kufuli haimo katika ukubwa pekee, bali katika kufichika kwa ufunguo. Ndiyo sababu hesabu hizi zote hazimfai kitu mteja aliyemtajia tapeli nambari yake ya siri kwa simu.