Riga: kwa nini aitwe fundi kamba

Penye kreni, iwe bandarini au kwenye jengo la ghorofa, kuna mtu asiyeiendesha, lakini mzigo hauinuki mpaka yeye aridhike. Ndiye anayechagua mnyororo au waya, anayefunga, na anayempa dereva ishara za mkono. Kiingereza humwita rigger, nasi twaweza kulitohoa tukasema riga. Naona Kiswahili kina jina bora la kumpa: fundi kamba. Kitenzi rig kimo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 15, kwa maana ya kuiandaa meli kwa matanga na kamba zake, na huenda kilitoka lugha za Skandinavia, ambako neno la namna hiyo lina maana ya kufunga au kuzungushia. Ujuzi huo wa mafundo na kapi ulishuka nchi kavu, ukaingia viwandani na kwenye majukwaa ya maigizo. Hata ndege za Vita Kuu ya Kwanza, zenye mabawa yaliyoshikiliwa kwa waya, zilikuwa na mafundi wa jina hilohilo waliozikaza mpaka bawa likae sawa. Vyombo vilibadilika, kamba iliyokazwa na anayejua uwezo wake ikabaki.

Mtu atauliza kwa nini tusiseme mfunga mizigo, neno linaloeleweka na kila mtu. Ni kwa sababu jina hilo linamfaa pia anayefunga magunia juu ya basi, na kazi ya riga ni hesabu. Mzigo wa tani 2 ukining'inizwa kwa kamba mbili zilizo wima, kila moja hubeba tani 1. Zikitanuliwa mpaka kila moja ifanye pembe ya nyuzi 30 na ardhi, kila moja huvutwa kwa uzito wa tani 2, ingawa mzigo haujaongezeka hata kilo. Asiyejua hilo huchagua kamba inayotosha kwa macho, nayo ikakatika watu wakiwa chini. Neno fundi linautaja ujuzi huo; kuli na hamali hutaja kubeba tu, na kumwita riga hivyo ni kumnyima haki yake.

Wapo watakaosema fundi kamba ni mtengenezaji wa kamba. Huyo tayari ana jina, msokota kamba. Wala chuma si kikwazo, maana kamba ya waya ni kamba. Pingamizi zito zaidi ni serahangi, neno la mabaharia lenye asili ya Kiajemi ambalo limo katika Kiswahili tayari. Nalipenda, ila serahangi ni cheo: ni msimamizi wa mabaharia, na riga wengi hawasimamii mtu. Na kulitohoa tukasema riga nako kuna utata: mtambo wa kuchimbia mafuta nao ni rig kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeandika riga kwenye kanuni za usalama humwacha msomaji akidhani anasoma habari za wachimba visima.