Mjumbe Lazima Arudi

Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Nimeusikia msemo huo kwa miaka zaidi ya sabini, na kila nikiufikiria kwa habari ya vyama vya wafanyakazi naona una nusu ya pili isiyosemwa: hauawi, lakini sharti arudi kwa waliomtuma.

Nusu hiyo nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa kuli bandarini na mpangaji wa chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alikuwamo katika mgomo wa Septemba 1947, ulioanzia bandari ya Dar es Salaam ukafuata reli hadi bara. Makuli wengi siku hizo walikuwa vibarua wa kutwa. Mtu aliamka asijue kama leo atapata kazi. Mjomba hakunisimulia sana habari za mshahara. Alichokumbuka ni jioni, pale waliokwenda kuzungumza na wakubwa waliporudi uani, wakasimama mbele ya wenzao na kueleza yote. Aliyeficha jambo alijulikana upesi, kwa kuwa wote walilala mitaa ile ile. Mwaka huo huo makuli wakaunda chama chao. Februari 1950 ukazuka mgomo mwingine, safari hii wenye fujo, na chama kikafutwa.

Mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Desemba 1956 hata watumishi wa hoteli na wa majumbani waligoma hapa mjini. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mpishi wa nyumba ya bwana, aliye peke yake jikoni, alipata wenzake.

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA kwa sheria. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye Michael Kamaliza, aliyeshika nafasi hiyo, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Nisiwe mchoyo wa haki: sheria ya mwaka huo ilileta kamati za wafanyakazi, na mwajiri hakuweza tena kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi moja. Waraka wa Rais wa 1970 ukaongeza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Hata hivyo mjumbe alikuwa amegeuzwa uso. Alitoka juu kuja chini.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea ubwana na unyapara wa viongozi, wafanyakazi waliusoma wakauchukulia kuwa ni wao. Migomo mingi iliyofuata haikuongozwa na NUTA. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa Dar es Salaam, walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe.

Sasa nije kwangu. Katika miaka ya themanini, enzi za JUWATA iliyokuwa jumuiya ya Chama tawala, nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Ada ilikatwa kwenye mishahara kila mwezi, na vikao vya wafanyakazi niliviongoza mimi mwenyewe, katibu wa tawi ameketi kuumeni kwangu. Siku moja mlinzi wa usiku alisimama akauliza, "Mkuu, yale makoti ya mvua tuliyoyasema mwaka jana yaliishia wapi?" Nikamjibu kwamba hayamo katika ajenda. Akaketi. Muhtasari wa kikao cha mwaka jana ulikuwa kwenye saraka yangu, haujaenda popote, na katibu alijua. Watu wakapiga makofi kufunga kikao. Mlinzi yule alistaafu kabla yangu, na koti sikumpa.

Mwaka 1991 ikaja OTTU, kisha vyama vya kila sekta. Sisi walimu tukapata CWT mwaka 1993. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mwakilishi hata mahali penye wanachama wasiofika 10, naye apewe nafasi ya kufanya kazi hiyo bila kukatwa mshahara. Kwenye karatasi, mlinzi wangu angekuwa na mtu wa kumsemea asiyekaa kuumeni kwa mkuu.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Siku zile nilimkuta binti auzaye vitenge katika duka la jirani yangu, amekaa kibarazani. Analipwa kwa siku. Nikamwuliza nani anawasemea wao wauzaji. Akacheka, akasema, "Babu, sisi tunasubiri bosi afungue."

Nilimweleza habari ya sheria ile. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo mjomba angelipenda: "Huyo tutakayemchagua, akishaongea na bosi, atarudi kutuambia?" Nikamwambia hilo ndilo la kumtaka kabla ya kumpa kura. Na nikakumbuka saraka yangu.