Forodhani kabla ya pweza

Wadau, ukimtajia mtu wa Dar jina la Forodhani, kinachomjia kwanza kichwani ni chakula: pweza, mishikaki, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Sina ugomvi na pweza. Ila nilipotumwa Unguja kikazi siku mbili, niliamua kwenda pale saa tisa alasiri, kabla meza za chakula hazijapangwa, nione bustani yenyewe. Mimi ni mtoto wa Masieda, Mbulu. Kwetu mahali pa watu kukutana ni mnadani, na huendi mnadani bila shughuli. Bustani ya kukaa tu, bure, bila geti, ni kitu ambacho bado kinanishangaza.

Tuanze na jina. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru. Karne ya 19, kabla bandari haijahamishiwa Malindi, mizigo ilishushwa ufukweni hapa, mbele ya Ngome Kongwe: karafuu, pembe za ndovu, na watu. Naam, watu. Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe, aliukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kampuni ya Jairam Shivji ndiyo iliyoshika kazi hiyo kwa miaka mingi. Sisi wa bara tusijidai kwamba habari hii haituhusu. Misafara ya pwani ilifika hadi Irangi, ndiyo Kondoa ya leo, jirani kabisa na Hanang, ikitafuta pembe.

Ngome iko nyuma yako ukitazama bahari. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Kireno. Karne ya 19 ikafanywa jela. Wataalamu wa lugha wanalitoa neno letu "gereza" kwenye neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Fikiria hilo kidogo, msomaji: kanisa, kisha ngome, kisha jela, na neno moja limebeba safari yote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngome hiyo hiyo ikawa karakana ya reli ya kwenda Bububu. Baadaye wanawake wakacheza tenisi ndani yake!

Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zilipiga mizinga ufukwe huu kwa dakika zisizozidi 45. Sababu ni kwamba Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha usultani bila idhini yao. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wake. Tunapenda kuitaja kama "vita fupi kuliko zote duniani", kama vile ni kichekesho cha kwenye chemsha bongo. Mimi jina hilo silipendi.

Bustani ilikuja miaka 40 baadaye. Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya utawala, na uwanja huu ukapandwa miti na kuitwa Jubilee Gardens. Katikati kukawekwa jukwaa la bendi. Mwaka 1956 Waingereza wakaongeza jukwaa lenye tao linalotazama bahari, ili Binti Mfalme Margaret ateremkie hapo. Hakuteremkia hapo! Alishukia bandarini. Mapinduzi ya 1964 yakalifuta jina la Jubilee, na watu wakaendelea kusema Forodhani kama kawaida yao.

Baadaye bustani ilichakaa, hadi taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ilipoikarabati na kuifungua tena Julai 2009. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi, nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Mbulu."

"Mbulu ndo wapi huko?"

Nilipomaliza kumweleza, nikamuuliza kama anaipenda bustani ilivyo sasa. Akasema ni safi, taa zipo, lakini yeye huondoka kabla ya magharibi, kwa sababu jioni "huwa ya wageni". Usiku nilimwelewa. Muuzaji mmoja alinitajia bei, akasikia lafudhi yangu ya bara, akaipunguza kidogo. Kwa Mzungu aliyekuwa pembeni yangu hakuipunguza.

Ukigeuka tu unaiona Beit al-Ajaib. Barghash aliijenga mwaka 1883, na mizinga ya 1896 haikuiangusha. Mwaka 2012 sehemu ya veranda iliporomoka, jengo likafungwa. Desemba 25, 2020, wakati likikarabatiwa kwa fedha za Oman, upande wake wa mbele ukaanguka na kuua watu wawili. Unguja yote ilijua kwamba jengo lile ni bovu. Viwanja hivi viwili vimetenganishwa na hatua chache tu, na Mji Mkongwe wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Maoni yangu ni kwamba bustani ina watu wa kuilalamikia kila jioni: muuza miwa, mama na watoto wake, vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani. Jengo lililofungwa kwa miaka minane halikuwa na mtu anayekaa ndani yake na kuona ufa ukipanuka.

Saa kumi na mbili vijana wale walianza kuruka, mmoja mmoja, kila mmoja akikimbia kutoka mbali zaidi ya mwenzake. Watalii walipiga picha. Mzee alikuwa ameshaondoka.