Je, sigara inaweza kusababisha saratani ya korodani?

Julai 2022, siku chache tu baada ya kujiunga na Borussia Dortmund, mshambuliaji wa Ivory Coast Sébastien Haller alikutwa na uvimbe kwenye korodani. Alikuwa na miaka 28. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akapewa dawa za kemikali, na Januari 2023 akarudi uwanjani. Februari 2024 ndiye aliyefunga bao la ushindi Ivory Coast ikiilaza Nigeria 2-1 kwenye fainali ya AFCON.

Wengi walishangaa mwanasoka kijana kuugua hivyo, lakini huo ndio umri wake. Saratani ya korodani huwapata zaidi wanaume wa miaka 15 hadi 40 hivi, tofauti na ya tezi dume ambayo ni ya wazee. Hizi mbili watu huzichanganya sana.

Na kwa anayevuta sigara je? Jibu fupi: haijathibitishwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeorodhesha saratani nyingi zinazosababishwa na tumbaku: mapafu, koo, kongosho, figo, kibofu cha mkojo na nyinginezo. Ya korodani haimo. Utafiti wa Canada uliotoka 2004 ulikuta waliovuta kwa miaka mingi wakiugua zaidi, ila tafiti nyingine hazikuona tofauti.

Bangi ina kesi nzito kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa Seattle, Marekani, waliihusisha na aina ya saratani hii inayokua haraka. Kuhusishwa si sawa na kusababisha, lakini anayedhani bangi ni salama kuliko fegi hana pa kujificha hapa.

Hatari inayojulikana vizuri ni korodani ambayo haikushuka utotoni. Nyingine ni kuwa na baba au kaka aliyeugua, au mwenyewe kuwahi kuugua upande mmoja.

Viwango vya juu viko Ulaya Kaskazini, nchi kama Norway na Denmark. Afrika viko chini, na hapo kuna mtego: kijana akiona uvimbe anaambiwa ni busha au ngiri, ananyamaza kwa aibu, miezi inakatika. Dalili ya kawaida ni kivimbe kigumu ambacho mara nyingi hakiumi hata kidogo. Wengine huhisi uzito kwenye korodani au maumivu chini ya tumbo. Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, hakichomi wala hakikati.

Kwa hiyo mvutaji atulie? Hapana. Akiugua, sigara inamgharimu kwenye matibabu. Bleomisini, mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa saratani hii, inaweza kuharibu mapafu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mvutaji. Dawa hizo pia huongeza uwezekano wa ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye, jambo ambalo sigara nayo hulichochea.

Ikigundulika mapema, karibu wote hupona. Kuondolewa korodani moja hakumalizi nguvu za kiume, na iliyobaki ikiwa nzima mara nyingi inatosha kupata watoto. Anayetaka uhakika amuulize daktari kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza dawa.