Hakimu aliyewahi kuzuiwa kutoa ushahidi

Ilikuwa miaka ya 1850, katika duka la viatu jijini San Francisco. Mteja wa Kizungu alimshushia fimbo mmoja wa wenye duka, Peter Lester. Mbia wake, Mifflin Wistar Gibbs, aliona kila pigo, lakini kesi isingefika popote. Sheria ya California ya 1850 ilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu, na wabia hao wote wawili walikuwa weusi.

Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, mtoto wa mchungaji. Baba alifariki mapema, kijana akajifunza useremala. Alipofika San Francisco, mafundi wa Kizungu waligoma kufanya kazi naye, akaishia kung'arisha viatu vya watu mtaani kabla ya kufungua duka na Lester.

Mwaka 1857 wakadaiwa kodi ya kichwa. Walikataa: kura hawana, mahakamani hawasikilizwi, walipie nini? Viatu vyao vikakamatwa na kupelekwa mnadani. Dalali alinadi weee, hakuna aliyetaja bei. Mali ikarudi dukani.

Mwaka uliofuata Gibbs alihamia Victoria, Canada ya leo, na mwaka 1866 akachaguliwa kuwa diwani. Baadaye alirudi Marekani, akasomea sheria, na mwaka 1871 akafika Little Rock, Arkansas. Utumwa ulikuwa umefutwa, na waliokuwa watumwa jana sasa walikuwa wapiga kura.

Kwetu hakimu huteuliwa. Kule, viti vingi vya mahakama za chini hugombewa kama udiwani. Gibbs, mfuasi wa chama cha Republican, aligombea mwaka 1873 akashinda kiti cha hakimu wa mahakama ya jiji. Anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwa kura kushika nafasi hiyo. Yule ambaye neno lake halikuwa na uzito mbele ya hakimu, sasa ndiye aliyepima maneno ya wengine.

Lakini kiti cha kura hufuata upepo wa siasa. Mwaka 1874 chama pinzani cha Democratic kilirudi madarakani Arkansas, na uhakimu wa Gibbs haukudumu. Aliendelea na utumishi wa serikali kuu: ofisi ya ardhi Little Rock, kisha ubalozi mdogo wa Marekani Tamatave, Madagaska, aliouacha mwaka 1901.

Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha maisha yake, Shadow and Light. Kisa cha fimbo ya dukani kimo. Ushahidi uliokataliwa California aliutoa humo, karibu nusu karne baadaye, na safari hii hapakuwa na sheria ya kumnyamazisha.