Jina jema lilikuwa dhamana

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huo unaeleweka popote pale maskini anapohitaji fedha leo, na mshahara haujafika. Hata hivyo historia yatuonyesha kwamba iko njia ya kukopa isiyomwangamiza mtu. Tutazame jinsi njia mojawapo ilivyozaliwa katika jimbo la Québec, nchini Kanada.

Mwezi wa Aprili 1897, katika bunge la Ottawa, mbunge mmoja wa Montréal alisimama kuwashutumu wakopeshaji wa riba. Alisimulia habari za mtu aliyekopa dola 150, akadaiwa riba ya dola 5,000. Mmoja wa waandishi wa mijadala ya bunge, Alphonse Desjardins, mzaliwa wa mji wa Lévis, aliguswa sana na habari hiyo. Akaanza kusoma juu ya benki za watu wa kawaida huko Ulaya, akawaandikia barua waliozifahamu.

Tarehe 6 Desemba 1900, watu zaidi ya 100 wa Lévis walikubali kuunda chama cha akiba na mikopo. Tarehe 23 Januari 1901 walitoa fedha zao za kwanza: jumla yake ilikuwa dola 26 na senti 40 tu. Hisa moja ilikuwa dola 5, na mwanachama aliweza kuilipa polepole, senti 10 kila juma. Kila mtu alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au nyingi.

Je, walijuaje nani anastahili kukopeshwa? Siku zile kumbukumbu za wakopaji zilikuwa vichwani mwa majirani. Kwa hiyo vyama vilivyofuata, ambavyo mapadri wengi walisaidia kuvianzisha, vilifuata kwa kawaida mipaka ya parokia, mahali watu wanapojuana. Mwanachama alitakiwa kuwa mwaminifu, asiye mlevi, mwenye kulipa kwa wakati. Kamati ilichunguza kila ombi: fedha ni za kazi gani, na mwombaji ataweza kuzirudisha? Hivyo mkulima na kibarua waliokosa mali ya kuweka rehani walipata mkopo kwa sababu ya jina lao.

Tusimsahau Dorimène, mke wa Desjardins. Mume alipokuwa kazini Ottawa, yeye ndiye aliyesimamia hesabu za Lévis. Kabla ya sheria ya mwaka 1906 kukitambua chama, aliogopa kwamba, kikianguka, jamaa yake ingepoteza kila kitu. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, maana fedha zilizokopeshwa zilikuwa senti za majirani. Aliyekataa kulipa hakumwibia tajiri wa mbali. Alimnyang'anya mjane wa mtaa wake.

Nasi katika Kongo tunazo COOPEC, tunazo likelemba, na siku hizi tunaweza kukopa hata kwa simu. Vyombo vimebadilika, maswali ya kamati ya Lévis hayakubadilika. Tukiomba mkopo, tujiulize: je, utazaa kitu, au utaliwa katika sikukuu moja? Tuhesabu jumla ya kurudisha, pamoja na riba, kabla ya kutia sahihi. Tusikope kwa mmoja ili kumlipa mwingine, maana ndivyo shimo linavyochimbwa. Na siku ya kulipa ikikaribia bila fedha, tumwendee mkopeshaji mapema, tumweleze ukweli, tuombe muda. Kumkimbia kunaharibu jina kuliko deni lenyewe.

Jina hilo hujengwa kwa mambo madogo: zamu ya likelemba iliyolipwa siku yake, nauli ya rafiki iliyorudishwa bila kukumbushwa. Kijana asiye na shamba wala nyumba anaweza kuanza kulijenga juma hili.